Shati Jeusi la Fundi Kesho

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, na jina hilo hakuliokota njiani. Umeme wa watu alitengeneza, ila aliondoka kabla ya kuwasha taa aone kama inawaka. Wa nyumbani kwake hakuugusa kabisa; kila siku ulikuwa wa kesho. Pasi ya mkewe ilikufa mwaka wa kwanza wa ndoa, na huu ulikuwa wa kumi na moja.

Basi mkewe, mshonaji, alipoamka akakuta pasi imetengenezwa na chumba cha kushonea kimepigwa deki mpaka maji yametuama, hakufurahi. Aliogopa.

"Ninyooshee lile shati jeusi, mke wangu," mume alisema kwa sauti ya asali. "Na uvue ndala, usinichafulie sakafu."

"Jeusi? Kuna msiba?"

"Misiba haikosekani," akajibu, akatoka.

Mke alibaki mlangoni, ndala miguuni. Mganga hajigangi, hilo alishalizoea. Lakini mganga apige deki? Habari za mumewe na msusi wa mtaa wa pili alikuwa nazo. Alijua pia kwamba nyumba hii aliachiwa na baba yake, na kwamba yeye akifa, wale wawili wangehamia humu bila hata kubadilisha mapazia.

Jambo moja mumewe hakulijua, kwa kuwa hakuwahi kuuliza: mke wa mtu wa kesho hujifunza kazi leo. Soketi zote za nyumba hii alizifunga mwanamke. Alitoa testa, bisibisi ya kupimia umeme, kwenye kopo la vifungo, akapanda juu ya stuli ya mbao, akachomeka plagi, akagusisha testa kwenye bati la pasi. Kitaa cha testa kikawaka: bati lilikuwa na umeme.

Alipiga ukelele. Kopo likaanguka kwa kishindo, vifungo vikatapakaa. Akachomoa plagi, akakaa, akalia bila sauti. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na nguo za huyu alizishona yeye mwenyewe, miaka kumi na moja.

Chini ya dirisha, mume alikuwa ametega sikio. Hakuchungulia, maana kukagua kazi hakukuwa desturi yake. Alipiga simu.

Nusu saa baadaye kaka wa mke aliingia akimshikilia shemeji yake, aliyekuwa akilia kwa sauti.

"Umeme, shemeji. Umeniulia mke."

Mke alikuwa ameketi juu ya stuli, shati jeusi mapajani.

Kaka alimgeukia dada yake. "Nimeambiwa umekufa."

"Bado, kaka. Sikuvua ndala." Akachomeka tena plagi, akamsogezea mumewe lile shati. "Njoo ulipige pasi mwenyewe, bwana. Viatu acha hapo mlangoni, sakafu umeipiga deki."

Kaka alitazama maji, akatazama pasi, akatazama testa mkononi mwa dada yake. Akaufunga mlango, akauegemea.

"Piga pasi, shemeji," akasema taratibu.

Machozi ya fundi yalikuwa yameshakauka.

"Kesho," akasema.