Mwaka Ulioshonwa kwa Uzi Mwekundu

Tseng Hsiu-luan alipanda cheo kwa kuacha nafasi wazi. Wengine hupanda kwa maneno matamu, wengine kwa kuoa vizuri. Yeye, miaka ya tisini, alikuwa karani tu wa kupiga chapa pale wakubwa wa Taiwan na wakubwa wa bara, yaani China, walipokwama siku tatu juu ya utaratibu wa barua za rejista. Hawa wa Taiwan walitaka mwaka uandikwe kwa hesabu ya Jamhuri yao, inayoanzia 1912. Wale hawakutaka hata kuusikia. Hawa walitaka nchi itajwe. Wale wakauliza nchi gani. Karani akanyoosha mkono.

"Samahani wazee. Tuache wazi. Kila mtu akifika kwake, ajaze anachotaka."

Wazee wakatazamana, wakacheka, wakatia saini. Tangu siku hiyo kazi ikawa yake. Marais walikuja wakaenda, chama hiki kiking'oka kile kinaingia, na wote walimtukana kwa zamu: leo kibaraka wa bara, kesho mchokozi. Magazeti ya Taipei yakambandika jina la Bi Nafasi. Hakujali. Kwa nafasi zake hizo watu walikuwa wamerudishiwa majivu ya wazazi wao, vyeti vya ndoa, mananasi yaliyozuiwa forodhani. Hati ishirini na mbili, na kila moja ina mapengo matatu: mwaka, nchi na cheo. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minane, naibu mwenyekiti wa baraza la mazungumzo, na waziri alikuwa amemwahidi uenyekiti wenyewe akimaliza jambo la Bi Yen.

Bi Yen A-chun alikuwa na miaka sabini na mmoja, mshonaji wa bendera za hekalu huko Penghu, visiwa vya Taiwan. Alivuka na wenzake thelathini kwenda bara kuhiji kwa Mazu, mungu mama anayelinda watu wa baharini. Wenzake walirudi. Yeye alizuiwa kwa ajili ya bendera aliyoishona kwa mkono wake, iliyoandikwa kwa uzi mwekundu: jina la hekalu, jina la Taiwan, na mwaka wa mia moja na kumi na tatu wa Jamhuri. Walimwambia afumue huo mwaka tu, wamwachie aende zake. Akakataa. Kwa siku tisini na saba waliendelea kumwambia, naye aliendelea kukataa.

Asubuhi hiyo ya vuli, boti ya bara ilikuwa imefungwa kwenye gati la Kinmen, kisiwa cha Taiwan kinachotazamana na bara, na Bi Yen yumo ndani. Katika ukumbi wa gati, Mkurugenzi Ge Shaotang wa upande wa bara alikuwa anamimina chai kana kwamba birika ni la mama yake.

"Dada yangu, umekonda. Hawakulishi huko Taipei?"

"Wananilisha, Mkurugenzi Ge. Wewe ndiye unayelishwa kupita kiasi. Chukua kashata, za karanga za hapa hapa."

Ge akatafuna, akafumba macho. "Bibi yangu alikuwa akizipika hizi hizi. Unaona? Sisi ni tumbo moja. Damu nzito kuliko maji."

"Watu wa tumbo moja hawamfungii mama mzee siku tisini na saba. Na hayo maji acha yabaki hapo katikati, tumeshayazoea."

Ge alicheka. Walikuwa wamegombana miaka kumi na tisa, hata kila mmoja alijua mwenzake anakunywa chai ya aina gani. Ukweli ni kwamba Hsiu-luan alikuwa akimpenda kidogo, kama mtu anavyompenda jirani mgomvi. Kisha Ge akamsogezea hati, nakala mbili, na mapenzi yakaishia hapo.

Hati haikuwa na pengo hata moja. Mwaka ulikuwa umeandikwa kwa hesabu ya bara. Palipokuwa pa nchi pameandikwa mkoa wa Taiwan. Bi Yen amekiri kosa, ilisema, na anarudishwa mkoani kwake kwa huruma. Hsiu-luan mwenyewe alikuwa ameandikwa mjumbe wa wakazi wa mkoa.

"Nani amejaza hii?"

"Wewe," alisema Ge. Akafungua mkoba, akapanga mezani nakala za hati zote ishirini na mbili. Kila pengo alilowahi kuliacha lilikuwa limejazwa maneno hayo hayo, kwa mwandiko mmoja. "Kila mtu akifika kwake, ajaze anachotaka. Si maneno yako hayo? Tumejaza. Miaka yote hii hukuuliza hata mara moja. Aliyenyamaza amekubali, dada yangu."

Hsiu-luan aliona aibu, aibu ya kuunguza masikio. Alikuwa akidhani anawafungulia watu mlango, kumbe wenzake walikuwa wanahamishia vyombo vyao humo. Akaenda dirishani, akampigia waziri na kumweleza.

"Tia saini," alisema waziri. "Waandishi wa habari wamejaa hapo nje. Hiyo ni karatasi tu."

"Mheshimiwa, nikutumie uisome?"

"Sitaki kuisoma. Nikiisoma nitalazimika kukataa. Barua yako ya uenyekiti iko mezani kwangu, Hsiu-luan, haijapata saini yangu tu. Usinitie katika matatizo."

Dirishani alimwona Bi Yen, ameketi juu ya kiti cha plastiki katikati ya boti, mikono mapajani, akitazama gati kama abiria aliyechoshwa na uzembe wa watu wa tiketi. Askari wawili walisimama kando yake, bila silaha, kama ilivyokuwa desturi ya makabidhiano.

"Upepo unaanza," Ge alisema nyuma yake. "Usiposaini, narudi naye."

"Tumuulize mwenyewe."

"Nani?"

Hsiu-luan alikuwa ameshazibeba nakala zote mbili na kufungua mlango wa gatini. Waandishi walisukumana kwenye mnyororo. Akasimama ukingoni, akaisoma hati neno kwa neno, kwa Kiminnan, lugha ya nyumbani inayojulikana pande zote mbili za maji, hata na wale askari. Alipomaliza akainua uso.

"Mama, mimi sijatia saini. Nikitia, unashuka leo. Nisipotia, huyu bwana anasema atarudi nawe. Anayeandikwa hapa ni wewe. Unasemaje?"

Bi Yen aliinamisha sikio. "Hapo nimekiri nini?"

"Kosa."

"Kosa gani?"

"Hawakuandika."

"Na huo mkoa ni wa nani?"

"Wanasema wao."

"Basi karatasi hiyo ni ya mwanamke mwingine," alisema Bi Yen. "Mpelekeeni." Akainuka, goti moja kwanza, kisha la pili. Akamgeukia askari mnene aliyekuwa karibu. "We baba, nishike mkono. Ngazi hii inateleza."

Askari akamtazama mkurugenzi wake, lakini mkono ulikuwa umeshatangulia. Nani aliyelelewa na bibi yake huko pwani ya Minnan atamnyima mkono mwanamke mzee?

"Bi Yen, rudi ukae," Ge akaita.

"Nimekaa siku tisini na saba. Matako yameota sugu."

Kamera zililia zote pamoja. Ge akazitazama. Angeweza kuamuru ashikwe, lakini alijua picha hiyo ingesafiri haraka kuliko boti yake. Bi Yen aliweka mguu mmoja juu ya saruji ya Kinmen, kisha wa pili, akamshukuru askari.

Ge alimsogelea Hsiu-luan, akanong'ona. "Umevunja kazi ya miaka thelathini. Hati ya ishirini na tatu hutaiona."

"Nisiione. Hizo ishirini na mbili nina nakala zake, Mkurugenzi. Kesho naanza kujaza zangu, na magazeti yatazisoma zote. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Simu ikalia kabla boti haijafungua kamba.

"Nani amekuruhusu?" waziri alifoka. "Nataka barua yako ya kujiuzulu kesho."

"Utaipata. Hiyo utaisoma?"

Hsiu-luan akakata simu. Moyo ulimuuma kwa kile kiti alichokisubiri tangu ujana, lakini hakuwa na hamu ya kuomba radhi kwa mtu yeyote. Bi Yen alikuwa amesimama peke yake mbele ya waandishi, akimkagua toka kichwani hadi miguuni.

"Kwani wewe ni nani, mwanangu?"

"Naitwa Tseng Hsiu-luan. Hadi asubuhi nilikuwa naibu mwenyekiti wa baraza la mazungumzo."

"Na sasa?"

"Sasa nimekuja kukupokea, mama."

"Basi nipokee," alisema Bi Yen, akamtwisha mfuko wake wa nguo. "Umesimama nini?"