Bomba la Shaba

Jenereta ilikohoa, ikatapika moshi, ikanyamaza. Ndani ya mashine ya kuangulia, vifaranga walikuwa wameanza kulia kwenye maganda, na stima ya Amukura ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Nilisimama katikati ya ua, mikono kiunoni, nisijue nianzie wapi kukasirika.

Mayai hayakuwa yangu. Wanawake wa sokoni walikuwa wameniletea niwaangulie, kila mmoja ameyatia alama yake kwa kalamu. Yakifia kwangu, nani angeniletea tena? Hata leo, stima ikipotea siwezi kukaa chini.

Mume wangu, Omuse, alikuwa ameinamia jenereta, ananyonya dizeli kwa mdomo na kuitema. Ilikuwa nyeusi kama chai iliyosahauliwa motoni. Mwaka uliotangulia aliinunua Malaba ikiwa na rangi ya asali, akaijaza kwenye pipa nyuma ya jiko, juani, juu ya masalio ya zamani. Kisha akatumbukiza bomba la shaba la kunyonyea mafuta mpaka chini. Alikuwa amelisugua likang'aa. "Hili halishiki kutu," aliwaambia wageni wote, hata waliokuja kutoa pole. Nilimcheka, ingawa hata mimi nililipenda.

Joash, fundi aliyekuja kwa boda kutoka Bumala, alifungua chujio akatuonyesha ute wa kahawia ulionata kidoleni mwake.

"Boss, nani aliweka copper ndani ya diesel?"

Omuse alijipangusa dizeli mdomoni.

"Copper inafanya diesel inaoza haraka. Inatoa hii gundi, inaziba filter. Na hii jua, na hiyo masalio ya kitambo... Toa hiyo pipe, mwaga yote, tuoshe tank."

"Ni hiyo diesel ya Malaba ndio mbaya," Omuse alisema. "Pipe yangu iko sawa."

Wakabishana. Niliweka kiganja juu ya mayai, nikahisi joto linaondoka. Sauti ndani ya maganda zilikuwa zinapungua.

Ng'ambo ya ua, baba mkwe wangu, mzee Omoding, alikuwa akinywa ajono na wenzake. Walikizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, na sufuria kubwa ya maji ya kuongezea pombe ilikuwa ikichemka motoni. Katika boma lile mkaza mwana hakaribii chungu cha baba mkwe. Kukiwa na neno, mume ndiye hulipeleka. Nilimwita Omuse. Hakuinua kichwa. Basi nikaenda mwenyewe.

Nilipiga magoti mbali kidogo, macho chini. "Mzee, naomba maji yenu yote ya moto. Mayai ya watu yanakufa."

Mirija ilitoka midomoni. Mmoja wao aliguna kwamba pombe itapoa.

"Wacha ipoe," mzee alisema. "Mama, leta mitungi."

Tulijaza maji kwenye mitungi ya plastiki, tukaipanga kati ya trei na kufunika kila kitu kwa blanketi. Mzee Omoding, ambaye hakuwa amekaribia mlango wangu tangu niolewe, alisimama nje akinipitishia maji. Omuse alimwona baba yake amebeba mtungi. Alilichomoa bomba, akamtuma Joash dizeli mpya. Jioni jenereta iliwaka.

Alfajiri vifaranga wengi walikuwa wametoka, wameloa, wana kelele. Trei ya Rosebella, mmoja wa wale wanawake wa sokoni, iliyokuwa mbali na mitungi, ilikuwa kimya. Niliweka yai moja baada ya jingine sikioni, nikalia.

"Nitamwambia stima ilipotea," Omuse alisema.

"Stima hupotea kwa kila mtu. Bomba je?"

Mpaka siku ile sikuwa nimewahi kumsikia mume wangu akikubali kosa mbele ya mtu. Aliketi kizingitini muda mrefu, akiwatazama wale vifaranga wakigombania nafasi. Mwishowe aliniomba viatu vyake, akaniuliza Rosebella huamka saa ngapi.