Kazi ya Mdogo Wangu

Mimi nina mdomo, sikatai. Gereji nzima inajua. Lakini kuna maneno ambayo kama ningeweza kuyameza tena ningeyameza, hata yakinikwama kooni. Nilimwambia maneno hayo mdogo wangu wa tumbo moja, mbele ya wateja, kwa ajili ya matone ya oili.

Mdogo wangu tulimwita Taratibu. Kazi ya saa moja aliifanya kwa saa mbili, ila gari likitoka mikononi mwake lilikuwa halirudi. Ikafika mahali wateja wanaingia kwenye gereji yangu, mimi nimesimama pale na kitambi changu, wananipita huku wanauliza, "Taratibu yupo?" Nilicheka nao. Moyoni iliniuma, na leo nasema waziwazi kwamba ulikuwa wivu mtupu.

Ndipo gari langu mwenyewe, kuukuu kuliko mafundi wangu wengi, likaanza kuvuja oili. Taratibu akashusha gia boksi, akabadilisha sili ya nyuma, ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke pale injini inapoungana na gia boksi. Siku mbili yuko chini, mgongo kwenye sakafu. Mimi nikajipa kazi ya juu: nikabadilisha gasketi, ule utepe wa mpira unaobanwa chini ya mfuniko wa injini, chapuchapu, huku naongea na simu. Wiki haikuisha, oili ikaonekana tena chini, palepale kwenye maungio.

Kwangu sheria ni moja: osha injini kwanza, ndipo uniambie inavuja wapi. Oili haina adabu, inatokea hapa inadondokea kule. Fundi akitaja ugonjwa kabla ya kuosha, siku hiyo atanijua mimi ni nani. Basi siku ile mimi mwenyewe sikuosha. Niliinama, nikaona tone, nikainuka mori umeshapanda.

"Hii ndiyo kazi ya siku mbili? Hiyo mikono yako haifai hata kushika ufagio! Ufundi umekukataa, kubali, katafute kitu kingine!"

Wateja watatu walikuwepo. Mmoja alijifanya anasoma kitu kwenye simu. Taratibu akasema tu, "Kaka, tuoshe, tuangalie."

Nikamwambia atoke. Akafuta spana zake mojamoja, hata wakati ule hakuharakisha, akazifunga kwenye kitambaa akaondoka.

Miaka sita hiyo. Tulikutana kwenye harusi na misiba, tukasalimiana kama watu waliopanga nyumba moja. Mke wangu alinisihi nimfuate, nikamwambia aliyenuna ndiye arudi. Gari nalo sikuligusa. Niliweka kipande cha boksi chini yake, nikawa naongeza oili kila wiki, na mtu akiuliza lile doa namjibu, "Hiyo ni kazi ya mdogo wangu." Niliipenda ile kauli, Mungu anisamehe.

Mwezi uliopita binti yangu alipata kazi ya ualimu, mbali kidogo, nikamwambia gari nampa yeye. Ana mtoto mchanga, na ana mdomo aliorithi kwangu.

"Baba, siendeshi gari linalojikojolea."

Sawa. Nikajiandaa kushusha gia boksi niirudie ile sili. Binti akasimama mlangoni mwa gereji, mtoto mgongoni. "Umeosha?"

"Naosha nini? Tatizo nalijua tangu wewe hujaolewa."

"Na mafundi wako unawafokea kwa hilohilo."

Nikaosha ili anyamaze tu. Injini ilipokauka nikamwomba poda ya mtoto, nikainyunyiza nyuma ya injini na kwenye maungio mpaka pakawa peupe. Kwenye poda, oili haina pa kujificha. Nikalizungusha gari mtaani nusu saa, nikarudi, nikaingia chini kwa mbwembwe kabisa ili nimwonyeshe.

Kwenye maungio poda ilikuwa kavu. Nyeupe pe.

Nikatoka. Nikafungua boneti, nikawasha tochi, nikapenyeza kioo kidogo nyuma ya injini, pale ambapo jicho halifiki. Mstari mweusi ulikuwa unateremka kutoka juu, kwenye kona ya mfuniko, kuelekea kwenye maungio, ila ulikuwa haujafika. Gasketi ilikuwa imejikunja ikabanwa hivyohivyo. Ilikuwa ile yangu, ya chapuchapu.

"Hapo alifunga baba mdogo?" binti akauliza.

"Nilifunga mimi."

Nilikaa kwenye tairi. Nililia, nisidanganye.

Kesho yake nikamfuata. Siku hizi anauza misumari na rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nilimkuta nyuma ya kaunta anampimia mama mmoja kamba. Kilichonishtua ni kucha zake. Zilikuwa safi. Mama alipoondoka nikamwambia yote, bila kuzunguka, na nikamwomba msamaha kwa sauti, pale dukani.

Akaviringisha kamba iliyobaki. "Kwa hiyo sili yangu ilikuwa nzima?"

"Nzima. Mpaka leo haijatoa tone."

Akashika kaunta kwa mikono miwili. "Mimi niliamini, kaka."

"Uliamini nini?"

"Uliposema ufundi umenikataa. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika spana. Nikajiambia, kama yeye ameona siwezi, basi siwezi. Nikaziuza spana zangu zote mwezi uleule."

Miaka sita nilidhani amesusa! Nilimngoja aje kunipigia magoti, kumbe mwenzangu alikuwa ameshanikubalia.

Alikubali kuja Jumapili. Nilimwachia gari, gasketi mpya na spana zangu, nikakaa pembeni kwenye ndoo, mdomo nimeufunga. Alisafisha kingo, akapaka gundi kwenye kona, akaulaza mfuniko polepole, kazi nzuri ya kutamanisha. Nikaanza kupata moyo. Kwenye boliti ya kwanza akasimama.

"Kaka, hapa nimekaza sawa?"

Huyu ambaye zamani ukimsogelea akiwa kazini alikuwa anakufukuza kwa kiwiko.

"Sawa kabisa," nikasema.

Akakaza ya pili, akasimama tena. Ya tatu, vilevile. Ya mwisho ilikuwa ile ya kona ya nyuma. Alipapasa kwa kidole, akapitisha kioo, akaangalia mara mbili. Ilikuwa imekaa vizuri kuliko ambavyo ningeifunga mimi.

"Iko sawa, mdogo wangu. Naapa iko sawa."

Hakuiachia spana. Akasogea pembeni kunipisha, macho chini.

"Hebu iangalie wewe mwenyewe," akasema. "Mimi sina uhakika."