Skrini ya Kushoto

Fundi wa kompyuta alikuwa amekwisha kuzunguka maduka matano asubuhi ile, na miguu ilikuwa inamwambia basi. Alitafuta vifaa vya kompyuta moja tu, lakini kompyuta yenyewe ilikuwa na masharti kuliko mganga: iendeshe mchezo wa malori, tena kwa skrini tatu kwa mpigo, moja mbele na mbili ubavuni, pale vioo vya lori vinapokaa.

Aliyeitaka ni shemeji yake, mume wa dada yake, dereva wa malori kwa miaka ishirini na mbili. Wenzake walimwita Breki kwa sababu hakukuwa na mtu aliyewahi kumharakisha. Miezi minane nyuma lori lake lilipinduka. Alitoka hai, ila mifupa ya shingo iliungwa kwa vyuma, na tangu hapo kichwa chake kiligeuka kidogo tu kisha kikagoma, kama mlango uliovimba kwa mvua. Karatasi za daktari zilisema mifupa imepona. Hazikusema lolote kuhusu kugeuka. Bosi alikuwa amempa mpaka Ijumaa ajibu: arudi barabarani, au akae ofisini apange safari za wengine. Leo ilikuwa Jumatano.

"Shemeji, usinitengenezee kitu cha watoto," Breki alikuwa amemwambia. "Nataka nikae kama ninavyokaa kwenye lori. Nijue kama bado naweza, kabla sijamjibu bosi."

"Na ukijua huwezi?"

"Utanicheka. Mashemeji mna kazi gani nyingine?"

Fundi hakusomea kazi yake popote. Alijifunza kwa kufungua mashine zilizokufa, moja baada ya nyingine, na kuandika kwenye daftari kilichoziua. Kwa hiyo hakununua kwa pupa. Alianza na kadi ya picha, maana hiyo ndiyo ingebeba mzigo wa skrini tatu. Aliitazama nyuma, akahesabu matundu ya kuchomekea nyaya: manne. Akaipindua, akazungusha feni kwa kidole, akasikiliza. Kisha akachukua pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, akaisogeza puani na kuivuta harufu taratibu, macho ameyafumba.

"Mzee wangu, unanunua au unaonja?" muuzaji aliuliza.

"Iliyowahi kuungua haijui kuficha harufu."

"Basi ninuse na mimi, nimeungua na jua tangu asubuhi."

Fundi alitabasamu kidogo, kwa adabu. Akairudisha ile ya kwanza, akachagua ya pili, yenye nguvu zaidi ya ilivyohitajika, maana mashine inayoishi kwenye ukingo wa nguvu zake haifiki mbali.

Zikabaki skrini. Muuzaji aliziweka kauntani, za aina mbili: za inchi ishirini na nne, na za inchi thelathini na mbili.

"Chukua hizi ndogo," alisema. "Kadi yako itapumua. Na zote tatu zinaenea mbele ya macho, mtu hasumbuki kugeuza shingo."

Neno shingo lilimfanya fundi atue alichoshika. Siku tatu alikuwa amepima matundu, waya na moto wa kadi. Mtu mwenyewe hakumpima.

Wakati huo huo simu ikaita. Alikuwa dada yake.

"Kaka, umepata?"

"Nimebakiza skrini."

"Mchagulie zitakazomfurahisha, nakuomba. Nimechoka kumwona anaangalia ukuta. Acheke hata siku moja."

"Nimekusikia, dada."

Akabaki amesimama kati ya zile mbili. Ndogo zingemfurahisha. Kila kitu kingeingia machoni mwa Breki bila shida, angeendesha vizuri, na Ijumaa angemwambia bosi naam. Kisha angepanda kwenye lori la kweli, ambalo vioo vyake haviji mbele kwa kuhurumiwa. Fundi alitamani mtu mwingine amwamulie. Muuzaji alikuwa anapiga miayo.

"Nifungie kubwa," alisema.

Alhamisi mchana alikuwa sebuleni kwa dada yake, amepiga magoti chini ya meza, akifunga skrini za ubavuni kwa vipimo ambavyo Breki alimtajia kwa kichwa: kioo cha kushoto kiko umbali gani na bega, cha kulia kiko wapi. Breki alikaa wima kwenye kiti, mikono tayari kwenye usukani wa mchezo.

"Shemeji, unafunga kompyuta au unajenga daraja?"

"Tulia, abiria."

Mashine ikawaka bila kusita, skrini zote tatu. Breki akaondoka na mzigo wake polepole, akapita kituo cha mafuta, akaingia mjini. Mikono yake haikuwa imesahau kitu. Dada mtu alisimama mlangoni na taulo begani, akaanza kutabasamu.

Kwenye kona ya kukata kushoto, pikipiki ikagongwa.

"Huyu katokea wapi?" Breki alifoka.

Breki akarudia. Safari hii alijitahidi, akazungusha kiwiliwili kizima kitini mpaka usukani ukamponyoka, na bado akagonga. Ya tatu, vivyo hivyo. Fundi alikuwa ameegemea meza. Skrini ya kushoto ilikuwa karibu na kiganja chake. Kuisukuma mbele kidogo kungetosha, na hakuna ambaye angejua. Akaufumbata mkono.

"Wewe ulimwona?" Breki aliuliza, akitazama mbele.

"Nilimwona."

"Tangu wapi?"

"Tangu kituo cha mafuta. Alikuwa nyuma yetu muda wote."

Dada mtu akamkazia kaka yake jicho, kisha akalishusha. Breki alifuta viganja kwenye suruali, kimoja kimoja.

"Mke wangu, nipe simu."

Aliongea na bosi kwa maneno machache. Ndiyo. Hapana, hakuna haja ya kusubiri kesho. Ofisini, ndiyo, Jumatatu. Ahsante. Alipokata alikaa nayo mapajani kwa muda, akiigeuzageuza.

"Hunicheki?" alimuuliza fundi.

"Nimechoka, shemeji. Nitakucheka wiki ijayo."

Breki akaguna, ilikaribia kuwa kicheko.

"Haya, sasa sogeza hii meza nyuma, na hivyo vioo vyako uvilete mbele nivione vyote. Nina mzigo wa watu hapa, lazima ufike."

Fundi akashika goti, akainama tena chini ya meza kuzifungua nyaya.