Mtafiti wa Juisi

Mume wangu aligundua juisi. Ndivyo alivyosema mwenyewe, amegundua, kana kwamba watu wa kisiwa hiki walikuwa wanakamua ukwaju gizani mpaka yeye alipokuja kuwawashia taa.

Tulihamia hapa kwa kazi yake. Ni fundi wa mafriji, kampuni ikamleta kuangalia vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki, nami nikafunga cherehani yangu nikamfuata. Mara ya kwanza tulipokwenda sokoni akaonja bilauri ya stafeli, akafumba macho. Nikamwambia, "Fumbua. Umeshaonja, sasa weka chini." Maana mume wangu ana kisukari, na si cha kutania. Kaka yake mkubwa alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo. Kabla hatujahama, daktari alimwambia wazi mbele yangu: sukari isiposhuka, na wewe utakatwa. Akaapa kwamba ameacha. Aliapa huku amenishika mikono yote miwili.

Basi nikajitwisha mzigo wake. Sukari ikatoka nyumbani mwangu. Chai nikaanza kuinywa chungu na mimi, kwani ningewezaje kukoroga kijiko mbele ya mgonjwa? Wali nikampimia, viazi nikampunguzia, yeye akinuna nami nanuna. Na kila tukienda kliniki kupima, iko juu. Juu! Nikagombana na nesi, nikamwambia mashine yenu mbovu, hebu leteni nyingine. Nesi wa watu akaleta nyingine, nayo ikasema vilevile. Nikarudi nyumbani nikajilaumu: labda ni mafuta, labda ni vile viazi. Nikalia jikoni, mimi mtu mzima, nalilia viazi. Na yeye, bila haya, akaja akanishika bega: "Usijali mama watoto, mimi naona unavyojitahidi."

Nikikumbuka lile bega, nasikia kuwaka.

Jumamosi moja alikwenda sokoni, kutengeneza friji la muuza juisi, alisema, kazi ya pembeni, kama alivyokwenda Jumamosi nyingine zote. Akasahau vidonge vyake juu ya meza. Nikaacha gauni la mteja kwenye cherehani, sindano imo ndani ya kitambaa, nikavipeleka.

Muuza juisi alikuwa mwanamke mcheshi, ana aproni yenye madoa ya kila rangi. Nikamuuliza fundi wa friji yuko wapi.

"Unamtafuta Mtafiti?" akacheka. "Sisi ndivyo tunavyomwita. Yule bwana ana mapenzi, jamani! Lazima aonje zote, embe, pasheni, miwa, stafeli, ndiyo amchagulie mkewe chupa ya kwenda nayo." Kisha akanitazama tumbo. "Wee! Kumbe ndiye wewe? Hongera dada! Mimba inakusumbua sana, eti?"

Mimba. Mimi mwenye wajukuu!

"Kaniambia unatamani juisi usiku na mchana," akaendelea maskini, hajui anachokoroga. "Na unapenda ikolee. Sukari nakuongezea kwa mkono wangu mwenyewe, mjamzito hanyimwi."

Sikuweza kumkasirikia. Nilimuuliza tu yuko wapi, akaninyooshea kidole nyuma ya banda.

Friji lilikuwa zima, linavuma vizuri. Mume wangu amekaa juu ya kreti, ndala miguuni, bilauri tupu pembeni yake, nyingine ya embe mkononi, povu la manjano kwenye sharubu. Mfuko wa spana hata haujafunguliwa.

"Mama watoto!" akasema.

"Mama watoto mjamzito," nikamjibu. "Malizia basi, Mtafiti."

Wateja wakageuka. Wageuke! Nilimwambia yote, kwa sauti ambayo hata wauza samaki waliisikia. Nimekula majani kama mbuzi kwa ajili yako. Nimemtukana nesi wa watu. Nimelia, ukanibembeleza, tumbo lako limejaa stafeli! Unaniona mimi boga?

"Nisikilize kwanza," akasema, taratibu, kama anayetuliza mtoto. "Hapa hakuna anayejua kwamba naumwa. Nyumbani unakitazama kila kijiko kinapoingia mdomoni. Hapa nakunywa kama mtu."

"Kama mtu! Na kaka yako naye alikuwa anakunywa kama mtu!"

"Si matunda tu haya, mke wangu..."

Sijawahi kumpiga mtu maishani mwangu. Lakini alipotamka hayo matunda hasira zikanipanda kichwani, nikainua mguu, nimevaa viatu vyangu vya kisigino kigumu, nikamkanyaga vidole kwa nguvu zote. Sikuondoa. Nikasaga. Nilitaka aumie, sifichi, nilitaka apige yowe soko zima lijue.

Aliyepiga yowe ni muuza juisi. "Dada! Utamvunja!"

Mume wangu alikuwa bado anaongea. Alikuwa ananieleza kwamba embe lina vitamini, kwamba tunda halijawahi kumuua mtu, kwamba hata mimi nikionja nitamwelewa. Akapiga funda jingine, akafuta sharubu kwa kiganja. Nikaondoa kisigino. Ukucha wa dole gumba ulikuwa umepasuka katikati, damu inajaa kwenye ndala.

Hasira zikanitoka.

"Nimekukanyaga," nikasema.

"Eti nini?"

"Mguu. Nimekukanyaga mguu."

Akanitazama usoni, akatabasamu kidogo, nadhani aliona natafuta njia ya kupatana. Hata chini hakuangalia.

"Lini?" akauliza.