Inchi Mbili na Milimita Hamsini

Fundi Kiganja hakuwa mtu wa kupima. Miaka thelathini amefunga matela, na jina hilo alipewa kwa sababu kila kitu alikijaribu kwa kiganja: akikizungusha mara mbili, basi, kimeshajibu. Rula alikuwa nazo, za milimita na za inchi, zikila vumbi ukutani. Na kila kichwa kipya cha tela, kile kikombe cha chuma kinacholiunga na gari, alikipaka kwanza rangi nyeusi kisishike kutu, ndipo akakifunga. Rangi yenyewe nzito, ilifunika hata namba zilizogongwa kiwandani. Ukimwambia, anakucheka.

Asubuhi hiyo binti yake alikuwa akihama mji. Yeye na mumewe walileta gari na tela lililosheheni kitanda, friji na makabati, na kichwa cha tela kimepasuka. Mjukuu wa miaka minne alikuwa kiti cha nyuma, akipiga kelele waondoke. Juu ya benchi palikuwa na vichwa viwili, vyeusi tii, kama mapacha. Kimoja kilikuwa cha muuza maji. Fundi akachukua kimojawapo, kiganja kikaridhika, akakifunga na kukikalisha juu ya goroli, lile tufe la chuma nyuma ya gari. Akabana mkono wa kile kichwa. Kla! Akatikisa, kikatulia.

"Nendeni salama," akasema.

Saa nne akaja muuza maji na tela lake la tangi. Akafungiwa kichwa kilichobaki. Kikagoma kuingia kwenye goroli.

"Fundi, umenivalisha kofia ya mtoto," muuza maji akacheka.

"Goroli yako ina kutu!" Fundi akamjia juu, akachukua nyundo. Akagonga, wapi! Akagonga tena mpaka jasho likamtoka. Mwisho akashika msumari, akakwangua rangi kwa hasira. Namba ikajitokeza: 50.

Goroli ya muuza maji ilikuwa ya inchi mbili, aliifunga kwa mikono yake. Ya milimita hamsini ni ya mkwewe. Kwa hiyo kichwa cha inchi mbili ndicho kilichokwenda na mwanawe.

Tofauti yenyewe haifiki hata milimita moja. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende. Kichwa kikubwa juu ya goroli ndogo hushika vizuri kwenye lami nyoofu, kikaanza kucheza kwenye mashimo, na mteremkoni kikaruka. Na mbele ya mwanawe kulikuwa na mteremko wa machimbo. Tela likichomoka pale na friji lake lote, litamponda nani kama si mtoto wa kiti cha nyuma?

Akampigia mkwewe. Haikupokelewa. Ingepokelewaje, na Fundi mwenyewe ndiye aliyempiga marufuku kushika simu akivuta tela? Akampigia mwanawe. Simu ikalia pale pale, juu ya benchi, katikati ya spana.

"Ee Mungu wangu! Kaisahau!" Akamshika muuza maji mkono. "Acha tela hapa. Twende!"

Njiani hakukaa kitako. Mara achungulie dirishani, mara agonge dashibodi. "Kanyaga, bwana! Unapeleka mayai?"

"Fundi, tulia, gari nalo lina roho yake."

Kila walipokuta watu wamesimama kando ya barabara, alinyoosha shingo. Wamesimama kwa nini? Basi tu, wanauza vitunguu. Akawachukia bure wale watu na vitunguu vyao. Aliogopa, tena aliogopa waziwazi.

Wakaliona tela mita chache kabla ya mteremko. Lilikuwa likiyumba. Muuza maji akapiga honi mfululizo, akalipita gari, mkwe akasimama kando. Fundi aliruka chini kabla gari halijatulia. Hakusalimia mtu. Yeye na muuza maji wakashika shingo ya tela, wakainua. Kichwa kikatoka juu ya goroli, na mkono wake bado umebanwa.

Mkwe akakodoa macho. "Kinagonga tangu darajani, baba. Mara tatu nimetaka kusimama."

"Sasa mbona hukusimama?" Fundi akafoka.

Mkwe akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa ameshuka, mtoto begani, amelala fofofo.

"Mimi ndiye niliyemkataza," binti akasema. "Nilimwambia, kama baba amekifunga mwenyewe, hakitoki. Endesha."

Fundi alikuwa na uongo tayari mdomoni: wa dukani wamemchanganyia vichwa. Muuza maji asingemwumbua. Lakini alimwona yule mtoto, mate yakimtiririka kwenye bega la mama yake, akaumeza ule uongo.

"Hiki si chenu, mwanangu. Ni cha inchi. Vyote nilivipaka rangi, nikachukua tu. Sikupima."

"Hukupima?"

"Sikupima, mama."

Binti hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimweka mtoto vizuri begani, akakitazama kile kichwa kinachoning'inia, kisha akamgeukia mumewe.

"Siku nyingine ukisikia kitu kinagonga, simama," akamwambia. "Usiniulize mimi."