Ringi ya Mpira na Mji wa Vioo

Usingizi unanikamata nimeketi juu ya kreti ghalani, jua limesimama utosini, bati linalia kwa joto, na mkononi nina ringi ya mpira iliyochanika. Ringi hii ndiyo inayobana mlango wa mtambo wa mvuke, ule wa kuua vijidudu kwenye vyombo vya upasuaji. Bila ringi mvuke unavuja, mvuke ukivuja hakuna visu safi, na bila visu safi Kapteni Mbonea, daktari wetu hapa kambini, hawezi kuufungua mguu wa Koplo Lusekelo ulioingiwa na vipande vya chuma. Ameniambia bila kuzunguka: Sajenti Kalunde, nitafutie ringi kabla ya magharibi, la sivyo nitaukata mguu wa kijana wa watu. Nimepekua rafu ya hospitali, nikapekua tena, nikapekua kwa hasira. Namba ya ringi katika orodha ya ghala ninayo kichwani, tarakimu kumi na tatu, ndefu kama treni ya mizigo, ila ringi yenyewe haipo. Nafumba macho niyapumzishe kidogo tu, na kreti chini yangu inageuka kizingiti.

Navuka. Barabara imenyooka hadi jicho linachoka, na mbele yangu kuna geti, na getini kuna mlinzi mwenye sare iliyopigwa pasi, na chini ya kofia yake hakuna uso. Sishangai; ndotoni mtu hashangai pale anapopaswa. Ananyoosha mkono, naiweka ringi kiganjani mwake. Nani huyu? anauliza. Nasema, ni wa hospitali, afande, wa mtambo wa mvuke. Sikukuuliza anakaa kwa nani, nimekuuliza ni nani. Wa hospitali, narudia, na geti linasogea mbali, barabara inarefuka, natembea, nafika, na ni geti lilelile na mlinzi yuleyule. Nani huyu? Wa hospitali! Geti linasogea tena. Nimetunza ghala maisha yangu yote ya jeshi, na ghala letu tunalipanga hivyo, vya hospitali kwa hospitali, vya magari kwa magari, vya jikoni kwa jikoni, kila kitu kwa bwana wake, na sasa mtu asiye na hata pua ananisumbua. Mwisho uvumilivu unaniishia. Ni mpira wa kuziba, nafoka, kazi yake ni kuziba, basi! Geti linafunguka lenyewe, na juu yake zinawaka tarakimu nne, zile za mwanzo wa namba yangu. Pita, anasema mlinzi, umetaja ukoo wake. Nazitazama zile nne kwa aibu kidogo na furaha nyingi, maana nimezisoma kila siku kama mtu anavyosoma namba ya gari lililompita.

Nyuma ya geti kuna mji, na kuta zake zote ni vioo, na kila mlango umetundikwa ringi kama yangu, na kila mwenye nyumba anaapa ya kwake haina mfano. Huyu anaiita sili, yule anaiita gasketi, mwingine kaipa jina la kiwanda cha babu yake, na wote wanapiga kelele kwa pamoja. Katikati ya kelele hizo ameketi mwanamke na kipimo mkononi, naye pia hana uso, ila mikono yake ina subira kama ya mama anayechambua mchele. Anachukua ringi moja moja. Anapima upana wake, unene wake, anauliza imetengenezwa kwa mpira gani, inastahimili joto kiasi gani. Kisha ananyanyua kichwa na kuutazama mji mzima, kioo kwa kioo, aone kama kuna nyingine inayolingana nayo, na kila anapoikuta, milango miwili inakuwa mlango mmoja na wenye nyumba wanajikuta wamekaa sebule moja, wanasalimiana kwa haya. Namwuliza, mama, hizi mbili zinazofuata zile nne, si ndiyo nchi ilikotengenezwa? Anatikisa kichwa. Ni nchi ya aliyeketi hapa wa kwanza akaipima na kuipa namba. Inaweza kuzaliwa popote. Na hizi saba za mwisho zina maana gani? Hazina maana. Namba isiyo na maana ina faida gani? nauliza. Jina linalosema neno, anajibu, kila likivuka mpaka litasemwa vingine. Lisilosema kitu halikosewi na mtu.

Roho yangu inafurika. Namwambia asante, mama, sijui uliketi hapa lini, hukujua kama kuna Lusekelo duniani, ukaipima hata hivyo. Jina lako nani nikakutaje? Anacheka kwa mikono. Sina uso wa kupokelea shukrani, mwanangu, mpe aliye karibu. Sasa nenda, kuna jiko linachemka. Na kweli nasikia harufu ya maharage.

Naamka na harufu imo puani. Nakimbilia rafu ya jikoni, kwenye vipuri vya yale masufuria makubwa ya mvuke yanayopikia kikosi kizima, na pale, kwenye boksi lenye jina la kiwanda nisichokijua, ipo namba yangu, tarakimu kwa tarakimu. Nalia waziwazi, sijali nani ananiona. Jua bado liko juu ninapomkabidhi Kapteni boksi. Mlango unabana, mvuke unatulia, visu vinatoka vikiwa safi.

Nimekaa kando ya kitanda Koplo Lusekelo anapozinduka, mguu wake umefungwa bendeji lakini upo, wote, hadi vidole. Asante, afande, ananong'ona. Si mimi, nasema. Anatabasamu, bado yuko nusu usingizini. Najua. Nilikuwa barabarani huko, kuna mwanamke hana uso, akaupima mguu wangu, akautazama mji mzima kioo kwa kioo. Nikamwuliza, vipi, mama? Akasema, huu hauna mwenzake popote, mwachieni mwenyewe.

Napapasa ukingo wa kitanda nijue kama ni chuma au ni kizingiti. Sijui niko upande gani. Nampa mkono aliye karibu, nasema asante.